Norwei kwa siku kumi: chagua fiodi au kaskazini

Kosa la kwanza la anayepanga likizo Norwei ni kutaka kuimaliza yote. Oslo hadi Tromsø kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,600, na barabara zenyewe hupinda, hupita mahandakini na mara nyingine hukomea kwenye kivuko. Ukiwa na siku kumi na ukaandika Oslo, Bergen, Lofoten na Tromsø, utakachokijua vizuri ni viwanja vya ndege. Shika kona moja. Kwa safari ya kwanza nenda magharibi kwenye fiodi, ile mikono mirefu ya bahari inayopenya katikati ya milima, katika mabonde yaliyochimbwa na barafu.

Panda treni ya asubuhi ya Oslo–Bergen. Mpaka mwisho ni mwendo wa kama saa saba, lakini wewe shuka Myrdal, mita 866 juu ya usawa wa bahari. Hapo unabadili treni: reli ya Flåm inateremka hadi ukingoni mwa fiodi kwa kilomita 20 tu, kwa muda wa saa moja hivi. Majira ya joto husimama dakika chache Kjosfossen ili abiria wapige picha maporomoko.

Flåm ni kijiji kidogo. Meli kubwa za watalii zikitia nanga mchana, hata foleni ya choo inachosha. Ndiyo maana inafaa kulala pale pale, au jirani Aurland, upate jioni baada ya meli kuondoka. Juu ya Aurland kuna Stegastein, jukwaa lililochomoza mita 30 kutoka ubavuni mwa mlima, mita 650 juu ya maji. Barabara ya kupandia ni nyembamba, na dereva asiyejua kurudi kinyumenyume vizuri apande basi. Ukungu ukiwa umekaa, usipande, hutaona kitu.

Kesho yake chukua boti ya Flåm–Gudvangen, saa mbili hivi, kupitia Nærøyfjord. Fiodi hii imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2005, na pale inapobana zaidi upana wake ni mita 250 tu. Boti za betri hazina ngurumo, hivyo unasikia maporomoko yakidondoka. Gudvangen kuna basi hadi Voss, na Voss kuna treni hadi Bergen. Mzunguko huu wote unauzwa kama kifurushi, ila ukinunua tiketi moja moja unapanda vyombo vile vile, mara nyingi kwa bei nafuu ukiwahi. Tahadhari: boti haitakusubiri treni yako ikichelewa. Usipange vyombo viwili vifuatane kwa dakika kumi.

Mwezi? Mei, theluji ikiyeyuka, maporomoko yana nguvu na miti ya matunda ya Hardanger inachanua, lakini njia za milimani bado zina theluji. Juni hadi Agosti kila kitu kiko wazi na bei ziko juu. Mapema Septemba ndiyo chaguo letu. Bergen hunyeshewa zaidi ya siku 200 kwa mwaka, na upepo wake huvunja mwavuli. Beba koti lisilopenyeza maji, na ndani vaa sufu. Pamba ikilowa haikauki, na mwili unapoa. Makoti mazuri ya baridi hupatikana kwenye mitumba ya Karume au Gikomba kwa sehemu ndogo ya bei ya Oslo.

Wanaotaka kupanda mlima kwa miguu, jabali la Preikestolen linatosha: kilomita 8 kwenda na kurudi, kama saa nne, kisha unasimama mita 604 juu ya Lysefjord. Trolltunga, ulimi wa mwamba uliochomoza hewani, ni habari nyingine. Kutoka maegesho ya Skjeggedal ni kilomita 27 kwenda na kurudi, saa 8 hadi 12. Wanaookolewa huko mara nyingi walianza wamechelewa, wamevaa raba, na simu imezimwa na baridi.

Ukichagua kaskazini, nenda visiwa vya Lofoten: feri ya Bodø–Moskenes huchukua saa tatu hadi nne, na nafasi ya gari mwezi Julai iwekwe mapema. Vijiji vya Reine na Hamnøy vina nyumba nyekundu za wavuvi zinazokodishwa kwa wageni. Mwisho wa baridi utakuta samaki aina ya chewa wameanikwa kwenye vichanja vya mbao. Vichwa vyao huuzwa Nigeria. Mlima Reinebringen una mita 448 na ngazi za mawe karibu 2,000. Kushuka kwake ndiko kunakoumiza magoti, na kukiwa na mvua kunateleza.

Tromsø jua halizami kuanzia 20 Mei hadi 22 Julai. Beba kitambaa cha macho, na kama unaswali uliza msikiti wa huko wanafuata ratiba gani. Wapo wanaokwenda Julai wakitarajia taa za kaskazini, ile mianga ya rangi inayocheza angani usiku. Haiwezekani, zinataka giza, yaani Septemba hadi Machi, na anga safi. Pwani ikiwa na mawingu, madereva wa ziara huelekea bara, upande wa Skibotn na mpaka wa Finland.

Kuhusu fedha: kadi inapokelewa karibu kila mahali, maji ya bomba yanywe bila wasiwasi, na nunua chakula Jumamosi kwa sababu maduka mengi makubwa hufungwa Jumapili. Hema linaruhusiwa bure porini hadi siku mbili, mita 150 kutoka nyumba ya mtu. Moto wa wazi msituni ni marufuku 15 Aprili hadi 15 Septemba.

Viza ni ya Schengen, yaani viza moja ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya: omba si zaidi ya miezi 6 wala chini ya siku 15 kabla ya safari, ukiwa na bima ya angalau yuro 30,000. Na kama umevutiwa na Svalbard, omba ya kuingia mara mbili. Visiwa hivyo viko nje ya Schengen, kwa hiyo ukiwa na viza ya kuingia mara moja, utakwama unaporudi bara.