Umepangiwa shule Mfangano? Panda boti ya asubuhi, kisha ujifunze kusoma mwezi

Mwalimu mwenzangu, umeuliza mambo mawili: kama mtu aliyekulia Nakuru anaweza kuhamia shule ya Mfangano, kisiwa cha Ziwa Victoria, akiwa na mtoto wa miaka mitatu, na kama ni kweli ulivyoambiwa kwamba wanafunzi wa visiwani hawajali masomo. Nilifundisha hisabati na fizikia kisiwani humo miaka mitano, na niliripoti nikitokea Njoro, bila kuwahi kukanyaga hata mtumbwi. La kwanza jibu lake ni ndiyo, unaweza. La pili ndilo lililonifanya niketi niandike.

Safari kwanza. Usijaribu kutoka Nakuru na kuingia kisiwani siku hiyohiyo na mtoto mdogo. Pitia Kericho hadi Ahero, ushike barabara ya Katito, Kendu Bay na Homa Bay, ulale Mbita, mji wa ukingoni boti zinakoondokea. Wengine hupitia Kisumu hadi Luanda K'Otieno wakavuka kwa feri hadi Mbita, nayo ni njia nzuri ukiwa na mizigo mingi. Ukisikia mtu akisema kisiwani gari huingia bila shida, anazungumzia Rusinga, ambayo imeunganishwa na Mbita kwa daraja. Mfangano unavuka maji.

Na uvuke asubuhi. Saa moja au saa mbili ziwa huwa limetulia. Mchana upepo unaamka na mawimbi yanaanza. Mimi nilifika Mbita saa nane, nikaambiwa kuna boti ya mwisho inaondoka, nikapanda. Ilikuwa imejaza kupita kiasi na jaketi za kuokolea zilikuwa nne kwa watu zaidi ya ishirini. Godoro langu lilikunywa maji mpaka likahitaji vijana watatu kulishusha, na katoni ya vitabu ikafumukia mikononi mwangu. Vitabu hununuliwa tena. Lakini kulikuwa na mama aliyembana mtoto wake kifuani njia nzima bila kusema neno, na uso wake sijausahau. Nunua jaketi ya mtoto inayomtosha kabla hujafika ziwani, na boti ikijaa, shuka usubiri nyingine. Hakuna mwalimu mkuu atakayekulaumu kwa kuchelewa siku moja.

Beba vitu vichache. Fuo nyingi hazina gati, kwa hiyo boti inasimama kwenye maji ya magoti na vijana wanakubeba mgongoni hadi mchangani, wewe na mizigo yako. Kitanda na meza utachongewa hukohuko. Usichokosa kubeba ni neti nzuri ya mbu, taa ya sola na pipa la maji lenye kifuniko.

Pipa nalisisitiza kwa sababu ya kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wa maji ya ukingoni, hasa penye nyasi, na huingia mwilini kupitia ngozi, kwa hiyo hata kuogesha mtoto ufuoni ni hatari. Maji ya kuoga yakikaa siku mbili ndani ya pipa lililofunikwa, vijidudu hivyo vinakuwa vimekufa. Ya kunywa chemsha. Malaria nayo usiichezee: mtoto wa Nakuru hajazoea mbu wa ziwani, mwili wake ukichemka mpeleke apimwe siku hiyohiyo, usingoje kesho.

Watu watakupokea vizuri ukianza na salamu ya Kijaluo. "Oyawore" asubuhi, "erokamano" kwa kushukuru, na watoto watakuita japuonj, yaani mwalimu. Wazee wengine bado wanazungumza Kisuba, na wakisikia unauliza maneno yake wanafurahi sana. Bibi jirani yangu, ambaye kijiji kizima kilimwita Dani, ndiye aliyenifundisha kuchagua omena, yaani dagaa wa ziwani, sokoni.

Sasa wanafunzi. Muhula wangu wa kwanza nilikuwa na kijana wa Kidato cha Pili aliyelala darasani karibu kila siku kwa wiki nzima. Nilimwamuru asimame nyuma ya darasa, nikamwita mvivu mbele ya wenzake. Jioni nikisahihisha madaftari, nikafungua lake, nikaona vitu vinang'aa katikati ya kurasa. Nikadhani ni vumbi la karatasi ya pambo. Nilipogusa, yalikuwa magamba ya omena, yamekaukia juu ya hesabu za vipeo alizokuwa amefanya zote, na zote sahihi.

Kesho yake nilishuka ufuoni alfajiri. Nilimkuta na mama yake wakitandaza omena juu ya nyavu kuukuu kabla jua halijapanda, wakiwakimbiza ndege. Alikuwa ametoka ziwani usiku huo pamoja na mjomba wake. Nilimwomba msamaha palepale, na baadaye darasani pia, kwa sababu tusi nilikuwa nimelitoa darasani.

Omena huvuliwa usiku wa giza. Taa zinawekwa juu ya maji, samaki wanaufuata mwanga, nyavu zinavutwa. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu, wavuvi wanapumzika, na darasa lako linakuwa macho. Nilianza kuandika hali ya mwezi pembeni mwa kitabu changu cha maandalio. Majaribio nikayapeleka wiki za mbalamwezi, na wiki za giza nikafundisha mada ngumu baada ya mapumziko, si somo la kwanza. Bado naamini mtoto hapaswi kuwa ziwani usiku, na hilo tulilizungumza na wazazi pamoja na kamati ya ufuo hadi wakakubali kwamba watahiniwa wa Kidato cha Nne wasiingie majini kabisa. Wa vidato vya chini tulibaki kubembeleza nyumba kwa nyumba.

Jua pia kwamba uvuvi wa omena kwa kawaida hufungwa kuanzia Aprili hadi Julai ili samaki wazaliane. Huo ndio muhula wa pili. Pesa za chakula cha mchana zinakauka, na mwanafunzi anayekosa wakati huo mara nyingi nyumbani hakuna kitu. Kabla hujamwandikia barua ya kumwita mzazi, nenda mwenyewe.

Yule kijana alinisindikiza hadi botini siku niliyohamishwa, akanibebea pipa. Ukishajua tarehe yako ya kuripoti niandikie faraghani, nina nambari ya nahodha anayekataa kuzidisha abiria. Mtoto umkalishe katikati ya boti; mbele ndiko maji yanakorukia.