Uvimbe wa Mafuta Usoni: Ukatwe Wapi, Kovu Likae Wapi?

Tangu nilipogusia uvimbe wa mafuta wa mgongoni, meseji nyingi zinazoingia zinauliza kuhusu ule wa usoni. Naelewa. Wa mgongoni shati linauficha, wa usoni kila unayekutana naye sokoni anaanza na “hicho nini?” kabla hata ya salamu. Nimechagua maswali machache, na nimeyafupisha.

Shikamoo daktari. Nina uvimbe kwenye paji la uso, huu mwaka wa sita. Hauumi na unakua polepole sana. Nimeambiwa nipasuliwe, lakini sitaki mstari katikati ya uso. Hakuna njia nyingine? – Mama, Newala

Marahaba mama. Njia zipo, ila kwanza tujue uvimbe umekaa wapi. Paji la uso lina ujanja wake. Uvimbe unaonekana kama uko chini ya ngozi tu, kumbe mara nyingi umelala chini ya msuli unaonyanyua nyusi, karibu kabisa na mfupa. Ndiyo maana wapo waliopasuliwa wakaambiwa “hatukukuta kitu.” Aliyepasua alifika kwenye mafuta ya kawaida ya chini ya ngozi, akaishia hapo. Simama mbele ya kioo unyanyue nyusi kwa nguvu. Uvimbe ukipungua kuonekana, huenda uko chini ya msuli. Kipimo cha ultrasaundi kitasema zaidi, na pia kitasaidia kuutofautisha na kinundu cha mfupa wenyewe, ambacho ni kigumu kama jiwe na hakitolewi kwa namna hii.

Njia ya kwanza ni kukata juu ya uvimbe wenyewe, kwa sindano ya ganzi, unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Mkato unafuata mkunjo wa paji, yaani unalala kwa upana. Lakini daktari akishafika kwenye msuli anabadilisha mwelekeo: anautenganisha kutoka chini kwenda juu, kufuata nyuzi za msuli na mishipa ya fahamu inayopanda kutoka kwenye nyusi. Mishipa hiyo ikikatwa, unabaki na ganzi kwenye paji hadi utosini. Uzuri wa njia hii ni kwamba daktari anaona anachokifanya, na anautoa uvimbe mzima pamoja na utando wake. Utando ukibaki, uvimbe unaweza kurudi.

Njia ya pili ni kukata ndani ya nywele, nyuma kidogo ya zinapoanzia, kisha daktari anapita chini ya ngozi hadi kwenye uvimbe. Kovu linabaki kichwani. Inafaa uvimbe ulio juu, karibu na nywele. Ulio karibu na nyusi unakuwa mbali na mkono. Baada ya hapo uso huvimba, wakati mwingine hadi macho yanakuwa membamba kwa siku kadhaa, na bandeji ya kubana hupunguza hilo. Wanaume wanaonyoa upara wafikirie mara mbili, maana kovu litakuwa wazi kuliko lingekuwa kwenye mkunjo wa paji.

Ya tatu inafanana na ya pili, ila tundu ni dogo na daktari anaingiza kamera. Inahitaji vifaa maalumu na mtu aliyezoea kuvitumia, na mara nyingi unalazwa kwa nusu kaputi. Ukitaka hiyo, uliza hospitali ya rufaa kabla ya kufunga safari.

Umeniuliza kama mama, nami nakujibu hivyo. Kama paji lako tayari lina mikunjo, ningechagua njia ya kwanza. Kovu linaloingia kwenye mkunjo, baada ya mwaka, watu hawalioni. Binti wa miaka ishirini mwenye paji laini ningemshauri ya nywele.

Dokta, nimeona video mtu anatobolewa tundu dogo shavuni, uvimbe unaminywa unatoka wote. Mwingine ananyonywa kwa mrija. Kwa nini huku kwetu wanakata? – Kijana, Mtwara mjini

Si kwamba huku hawajui. Kuminya kupitia tundu dogo kunafaa uvimbe laini ulio juu juu, usioshikana na kitu. Ulio chini ya msuli, au ulioingiliwa na nyuzi ngumu, hautoki hata ukiminywa mpaka kesho, na shavu halipendi kuminywa. Kunyonya kwa mrija kunatoa mafuta lakini utando unaweza kubaki, kwa hiyo uwezekano wa kurudi ni mkubwa zaidi. Tena yale mafuta yaliyosagika hayampi mtaalamu wa maabara kipande kizuri cha kuangalia. Video nazo huonyesha zile zilizotoka vizuri.

Asalaam aleikum. Mimi ni mvuvi. Uvimbe wangu uko mbele ya sikio, chini kidogo. Jamaa wa duka la dawa anasema ni mafuta tu, atanitoa kwa dakika kumi. Nimwamini? – Mikindani

Waaleikum salaam, kaka. Usimruhusu!

Sehemu hiyo ina tezi ya mate, na ndani ya tezi unapita mshipa wa fahamu wa uso, unaogawanyika matawi makuu matano: la kunyanyua nyusi, la kufumba jicho, na yanayoendesha shavu, mdomo na shingo. Ukikatwa, mdomo unakwenda upande na jicho halifumbi. Uvimbe wa mbele au chini ya sikio tunauhesabu kuwa wa tezi ya mate mpaka kipimo kikatae. Mwingi si saratani, lakini ukichokonolewa na kutolewa vipande vipande unaweza kurudi ukiwa vinundu vingi, na upasuaji wa pili una hatari zaidi kwa mshipa ule ule. Anza na ultrasaundi, na sindano nyembamba ya kuvuta chembechembe zikaangaliwe maabara. Hapo ulipo hauko mbali na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini kule Mitengo, wala na hospitali ya mkoa ya Ligula. Omba kumwona daktari bingwa wa upasuaji. Kama ni mafuta kweli, utatolewa kwa amani.

Bibi yangu anasema uvimbe huchomwa kwa mafuta ya maganda ya korosho, unaanguka wenyewe. – Tandahimba

Bibi anajua kwamba mafuta yale yanachoma, na ni kweli. Waulize wabanguaji, vidole vyao ni ushahidi. Lakini yanachoma ngozi iliyo juu, na uvimbe uko chini. Utaishia na kidonda, kisha kovu pana, na uvimbe wako bado upo. Karibu na jicho usithubutu kabisa. Mpe bibi heshima zake, mafuta uyaache.

Mwanangu wa mwaka mmoja na nusu ana kijinundu mwisho wa nyusi tangu alipozaliwa. Ni mafuta? – Mama, Nachingwea

Mara nyingi si mafuta, mama. Kwa mtoto, pale mwisho wa nyusi, tunafikiria zaidi kifuko cha ngozi kilichojificha ndani wakati mimba ikijengeka, na mara nyingi kimeegemea mfupa. Si saratani. Hutolewa kwa nusu kaputi, mkato ukipitia pembeni ya nyusi au kwenye mkunjo wa kope, na nyusi zisinyolewe. Kingekuwa katikati, juu ya pua, nisingekubali kiguswe bila picha ya CT au MRI, kwa sababu cha hapo kinaweza kuwa na njia inayoelekea kwenye ubongo.

Dada yangu aliota kovu kubwa sikioni baada ya kutoboa. Nami nikipasuliwa shavuni itakuwa hivyo? – Lindi

Inawezekana, maana makovu hayo hutembea kwenye ukoo. Ila sehemu hazilingani: kwenye sikio, kifua, mabega na mstari wa taya hutokea zaidi, kwenye paji la uso na kope ni nadra. Mweleze daktari kabla, si baada. Atapanga mkato usivutwe na ngozi, na kovu likianza kunyanyuka na kuwasha rudi mapema uchomwe sindano ya kulituliza. Ukisubiri likomae, kazi inakuwa ndefu.

Nikiacha kula nazi utapungua? – Kilwa Masoko

Hapana. Endelea na wali wako wa nazi.

Natakiwa kupasuliwa mwezi wa sita, na ndio tunaanza kupuliza salfa, ile dawa ya unga ya kuzuia ukungu, kwenye mikorosho. Nifanyeje? – Baba, Masasi

Sogeza tarehe, au mpe kijana pampu. Huu uvimbe umekaa miaka, wiki chache hazibadilishi kitu, ilimradi haukui haraka, si mgumu, hauumi na haujafika sentimita tano. Ukikua haraka, ukiwa mgumu, ukiuma au ukifika sentimita tano, acha mikorosho uende.

Nyuzi za usoni hutolewa siku ya tano hadi ya saba, za kichwani hukaa zaidi. Vumbi la salfa na jasho kwenye kidonda kibichi ni mateso, na jua la Masasi litalifanya kovu kuwa jeusi, kwa hiyo kofia pana miezi ya mwanzo ni lazima. Kama unatumia dawa ya presha au ya kuzuia damu kuganda, sema kabla ya siku ya upasuaji, usiache mwenyewe.

Na kile kinyama kisitupwe kwenye ndoo. Omba kiwekwe kwenye kopo lenye dawa ya kukihifadhi kipelekwe maabara, uandikiwe tarehe ya majibu, uifuatilie hata kama salfa imeshaanza.