Kabla Hujamtoa Mwalimu wa Timu, Nisikilize Mimi Niliyemtoa

Jumatatu usiku nilipokea ujumbe wa kijana mmoja wa Morogoro, mweka hazina wa timu ya watoto walio chini ya miaka 15. Ameniruhusu niuweke hapa. "Shikamoo Mama Katibu. Kocha wetu hataki kusikia habari ya usajili wala katiba. Anasema timu kaianzisha yeye, anayetaka mambo ya ofisini akaanzishe yake. Wazazi tumekubaliana Jumamosi tumtoe. Nimesikia wewe ulishamtoa mwalimu wa timu yenu na mambo yakanyooka. Naomba unielekeze."

Marahaba, mwanangu. Nimeusoma mara nne. Kumtoa nilimtoa, hilo kweli. Hayo ya kunyooka ndiyo yaliyonikalisha chini niandike, maana aliyekusimulia alikuwepo siku ya kura, siku zilizofuata hakuwepo.

Sisi ni wa Mbagala, na Mbagala mtoto akipiga danadana kumi tu jirani anamwita Samatta. Samatta kakulia huku, akapita African Lyon na Simba, akaenda TP Mazembe, akaenda Genk, Januari 2020 akatua Aston Villa. Kila mzazi anayesimama pembeni ya kiwanja chetu anaijua safari hiyo kwa moyo, na mimi ni mmoja wao. Mwanangu wa kwanza alijiunga na timu akiwa na miaka 11, na nilikuwa na ndoto zangu kama wewe ulivyo na zako.

Mwalimu sitamtaja jina, na mtaani kwetu hakuna anayemwita kwa jina. Ni fundi wa kuchomelea. Saa kumi jioni anafunga karakana, saa kumi na nusu yupo uwanjani na gunia la mipira begani. Magoli yetu kayachomelea mwenyewe kwa mabomba yaliyobaki kwenye kazi za watu, akayapaka rangi nyeupe, na mpaka leo yamesimama. Alianza na mpira mmoja na watoto saba. Nilipofika mimi walikuwa 31, na timu nzima haikuwa na karatasi hata moja.

Mimi natunza hesabu kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Kila mtoto alikuwa anatoa shilingi 5,000 kwa mwezi, pesa inaingia mfuko wa suruali wa Mwalimu na inatoka humo humo. Nilipoomba niwe katibu alifurahi, tena sana. Nikanunua kaunta buku, nikapiga mistari: jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, namba ya cheti, jina la mzazi, simu, ada. Wiki ya kwanza nilipata vyeti 12 tu kati ya 31. Nikawazungusha wazazi RITA, ofisi ya vyeti vya kuzaliwa, mmoja mmoja, wengine nikawajazia fomu mwenyewe mezani kwangu. Nakueleza hayo ili ujue kwamba kazi niliifanya, na hakuna atakayeninyang'anya hilo.

Ugomvi ulianzia kwenye vyeti. Vilipotimia, wachezaji wawili wa kikosi chetu cha chini ya miaka 15 walikuwa na miaka 17. Vijeba, waliozidi umri. Nilimfuata Mwalimu, akaniambia, "Mama Katibu, timu zote zinachezesha vijeba. Tukipeleka watoto wa umri huo tu tutakula mabao saba." Nikamkumbusha Serengeti Boys, timu ya taifa ya vijana chini ya miaka 17, mwaka 2005, walivyofuzu fainali za Afrika kule Gambia halafu wakaondolewa kwa sababu ya mchezaji aliyezidi umri. Timu nzima ya taifa ilikosa safari. Akanyamaza, akafunga kamba za njumu za mtoto mmoja aliyekuwa amesimama pale, kisha akasema, "Hilo ni Taifa. Hapa ni Mbagala."

Kwenye hilo nilikuwa sahihi na niko sahihi hadi leo. Kijeba anakaa nafasi ya mtoto wa kweli. Anakupa kikombe cha bati, na yule wa miaka 13 anayekaa benchi akimwangalia anaacha mpira.

Likaja la usajili. Mzazi mmoja anayefanya kazi halmashauri alituletea maelekezo: katiba, muhtasari wa kikao, orodha ya wanachama, fomu zipite kwa afisa michezo wa wilaya, ziende kwa Msajili aliye chini ya Baraza la Michezo la Taifa, lile lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Mwalimu akauliza ya nini yote hayo kwa watoto wa mtaani. Nikamweleza kanuni ya FIFA ambayo wenye timu nyingi za mchangani hawaijui. Mchezaji wa kulipwa akiuzwa nchi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada ya uhamisho inakatwa na kugawiwa klabu zilizomlea toka msimu aliotimiza miaka 12 hadi 23. Kila msimu kati ya miaka 12 na 15 ni asilimia 0.25 ya ada, na kuanzia 16 ni asilimia 0.5. Mtoto akiuzwa dola milioni moja, klabu iliyokaa naye misimu ile minne ya mwanzo inadai dola 10,000. Isiyotambulika na chama cha mpira cha nchi yake haidai kitu, hata kama ndiyo iliyomfundisha kufunga kamba za viatu.

Nilidhani hesabu hiyo ingemfurahisha. Alinitazama muda mrefu, akasema, "Mkishasajili, mimi nitakuwa nani?"

Swali lile sikulijibu. Nilisema kitu kama "Mwalimu, wewe ni wewe tu," nikaendelea na karatasi zangu. Laiti ningekaa. Mtu ametumia ujana wake wote kwenye kile kiwanja, anaona watu wanakuja na katiba yenye mwenyekiti, katibu, mweka hazina na kamati ya ufundi, na kwenye rasimu neno "mwanzilishi" halimo popote. Tena baba mmoja alikuwa ameshasema wazi, tukipata mfadhili tutaleta kocha mwenye leseni. Mwalimu alilisikia. Mtaani maneno yanatembea.

Yeye ni Simba damu. Simba ilipoingia kwenye mageuzi ya umiliki mwaka 2017, mjadala ule uliofikia wanachama asilimia 51 na mwekezaji 49, alikuwa upande wa waliosema timu itauzwa. Hofu yake ya kule akaileta kwetu. Tulimwona mkaidi tu. Hakuna aliyekaa naye hata dakika kumi kumuuliza anaogopa nini hasa.

Sasa nifike mahali ambapo ningependa kuparuka.

Mwezi ule nilikuwa nafunga hesabu za miezi sita. Kulikuwa na michango ya jezi mpya, shilingi 180,000, na jezi hazikuwepo. Ilikuwa saa tano usiku. Wazazi wawili walikuwa wananisukuma faragha: "Mama Katibu sema, wewe ndiye msomi, sisi tutakuunga mkono." Nikaandika kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, watu 40 na zaidi, na watoto wengine wanatumia simu za mama zao: "Mwalimu, tunaomba utueleze 180,000 ya jezi ilikwenda wapi." Nikaweka na picha ya ukurasa wa kaunta buku. Nikazima simu, nikalala.

Asubuhi kulikuwa na jumbe 112. Watu walishamwita mwizi. Wapo waliomtaja mkewe. Yeye hakuandika neno.

Siku ya pili mama wa kipa wetu akaja dukani kwangu. Hakununua kitu. Alisimama mbele ya mifuko ya saruji akasema, "Ile pesa ilimtibu mwanangu." Nikakumbuka. Kipa alivunjika mkono kwenye mechi ya ndondo ya mtaani, mfupa wa chini ya kiwiko, Mwalimu akambeba kwenye bodaboda mpaka hospitali, baba yake hayupo, mama yake alikuwa hana hata nauli. Mwalimu alilipa papo hapo kwa pesa iliyokuwa mfukoni, na ilikuwa ya jezi. Hakumwambia mtu kwa sababu mama wa kipa alimwomba asimwaibishe.

Ningempigia simu kabla ya kuandika, angeniambia. Nina hakika. Ingenichukua dakika tatu.

Utaniuliza kama nilikwenda kwenye kundi kusema hayo. Niliandika kwamba suala limefafanuliwa na tumelifunga. Sikuandika kwamba nilikosea. Kikao kilikuwa Jumapili, kura zilishapangwa, na mimi nilitaka katiba ipite. Ilipita 17 kwa 6, na kipengele cha kwamba mwalimu mkuu atateuliwa na kamati kikapita pia. Mwalimu akainuka, akasema, "Simba nao walitoka Yanga." Ni kweli. Yanga ilianza 1935, na mwaka uliofuata waliojitenga wakaanzisha yao, ikapita majina kadhaa, ikawa Sunderland, mwaka 1971 ikawa Simba. Kwa sentensi ile moja tulijua anakwenda wapi.

Makabidhiano tulifanya uwanjani Jumatatu. Alimwaga gunia chini akahesabu kwa sauti: mipira saba, bipsi za mazoezi 22, koni 15, pampu moja yenye sindano mbili. Nikaandika, akasaini. Filimbi ilikuwa shingoni mwake. Haikuwa kwenye orodha, na nashukuru Mungu sikuiulizia. Alivuka barabara, na wiki hiyo hiyo watoto 13 wakamfuata kwenye kiwanja cha upande wa pili. Mfungaji wetu bora alikuwemo. Kipa alikuwemo. Magoli alituachia.

Usajili tuliupata baada ya miezi minne. Hesabu zinasomwa kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, hadharani, mzazi yeyote anashika daftari. Najivunia, wala sitajifanya sijivunii. Lakini mazoezi ya kocha mpya mwenye leseni yalikuwa yanaanza na watoto tisa, kumi. Na wale wazazi wawili walionisukuma usiku ule? Nikikutana nao sokoni Rangi Tatu wanageukia mafungu ya nyanya. Huyo msomi waliyemsukuma alibaki peke yake na lawama.

Mwezi wa tatu mwanangu akaniambia mezani, "Mama, mimi nataka kwa Mwalimu." Mtoto wa katibu. Nilimruhusu. Kila mwezi namtuma na 5,000 yake.

Ndipo nilipokwenda karakana. Nilimkuta anachomelea geti, nikasubiri mpaka akavua miwani. Nikamwambia, "Mwalimu, usiku ule nilikosea, na nilipojua nimekosea nikanyamaza kwa sababu nilitaka kushinda." Nikamwambia pia kwamba kuhusu vijeba na daftari sijabadili mawazo. Akafuta mikono kwenye kitambaa, akasema, "Nimekusikia, Mama Katibu." Basi. Hakunikaribisha kiti. Jioni ile nikaandika kwenye kundi yale niliyopaswa kuandika miezi ile yote, kwa idhini ya mama wa kipa. Walionijibu ni watu wanne.

Wenzangu, wazazi na viongozi wa timu za watoto, tuache kujidanganya kwamba ukweli ukiwa upande wako basi namna ya kuusema haina shida. Ina shida kubwa! Watoto wanatuangalia. Ukimvua nguo mwalimu wao mbele ya watu, hawajifunzi uwajibikaji, wanajifunza kuvua watu nguo. Pesa iulizwe uso kwa uso kwanza, kisha kamati, kisha mkutano. Kundi la WhatsApp ni la kutangaza saa ya mazoezi na nauli ya gari.

Na nyinyi walimu mlioanzisha timu, nawaomba nanyi. Andikeni. Hata kwenye daftari la shule la kurasa 40. Mwalimu wetu angeandika "matibabu" na tarehe, mimi nisingepata pa kuanzia. Timu ya watoto wa watu si shamba la urithi, hata kama magoli umeyachomelea wewe.

Kwenye katiba mwandikeni mwanzilishi. Mpeni nafasi inayojulikana, kwa jina la kazi: mlezi, mkurugenzi wa ufundi, mjumbe wa kudumu, chochote ambacho yeye mwenyewe atakikubali kabla hamjapiga kura. Sisi tuliongeza kipengele hicho mwaka huu, kwenye marekebisho ya kwanza. Nafasi iko wazi. Nimempelekea nakala kupitia kwa mwanangu, na sijapata jibu.

Kijana wangu wa Morogoro, hujaniambia kocha wako aliianzisha timu mwaka gani, alianza na watoto wangapi, wala anafanya kazi gani mchana. Nadhani hujui. Kikao chako ni Jumamosi na leo ni Jumatano. Kesho nenda kwenye mazoezi mapema, msaidie kupanga koni, na yakiisha tembea naye mpaka kwake. Daftari liache nyumbani. Muulize mkishasajili anataka kuwa nani, na akijibu usimkatishe. Kikao kisogezeni mbele wiki mbili, wazazi watanung'unika, waache wanung'unike. Halafu niandikie alichosema.