Prado nyeusi, njia ya Mloka na suala la seramiki

Mkuu, umeuliza kama upige seramiki, ile dawa ya maji inayopakwa juu ya rangi ya gari ikakauka kuwa tabaka gumu, Prado yako nyeusi kabla ya kwenda Mloka mwezi wa saba, maana umeambiwa miba ya kule haina adabu. Jibu langu refu kidogo, nivumilie. Njia ya Kibiti kupitia Mloka mpaka Mtemere, geti la Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, nimeipita mara nne na Hilux, na rangi nimeshaiharibu kwa kila namna unayoijua.

Seramiki ni kitu kizuri. Gari linang'aa, tope linateleza, kuosha kunakuwa rahisi. Ila unene wake ni mikroni moja au mbili hivi (mikroni elfu moja ndiyo milimita moja). Klia yenyewe, lile tabaka la juu linalong'aa, ni kama mikroni 40 au 50, na unywele wa kichwani ni kama 70. Sasa chukua mwiba wa mgunga, urefu wa kidole, mgumu kama sindano ya kushonea magunia, wewe unapita na spidi 30. Hiyo seramiki itazuia nini? Piga kama unataka urahisi wa kuosha. Kwa miba, umeliwa.

Kinachohimili tawi ni ile filamu angavu ya plastiki, ya mikroni 150 mpaka 200. Inavutika, na mikwaruzo midogo inajifuta yenyewe gari likipata jua, na jua Dar tunalo. Bei yake itakukalisha chini, kwa hiyo usivalishe gari zima. Valisha fenda za mbele, milango, na ile sehemu ya nyuma ya tairi panaporuka kokoto. Tawi kavu likija kwa ncha litaipasua hata hiyo filamu, lakini filamu unabandua unaweka nyingine. Mlango ukishachanika rangi, ni fundi rangi na msasa.

Kuna njia za bei rahisi pia. Safari ya pili nilibandika ile tepu ya karatasi ya mafundi rangi, milango yote. Ilisaidia. Kosa langu ni kuiacha siku tatu juani, gundi ikaiva. Kuitoa ilikuwa jioni nzima na mafuta ya taa, mke wangu ananiangalia tu. Ukitumia tepu, bandua siku hiyo hiyo ukifika. Kuna rafiki yangu alinunua zile shiti za sumaku za kubandika milangoni, akaja nazo kwa mbwembwe kwenye Defender yake ya zamani. Hazikushika hata moja! Bodi ya Defender ile ni aluminiamu. Kwenye Prado zitashika, ila futa mlango kwanza mpaka uwe safi kabisa, maana mchanga ukibaki chini ya sumaku unasaga rangi njia nzima.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hukuuliza, na ndilo lililoniumiza kuliko miba. Safari ya kwanza nilirudi Jumapili jioni, gari limegeuka rangi ya udongo. Nikapita sehemu ya kuosha magari kando ya barabara. Kijana mchangamfu, akachovya kitambaa kwenye ndoo ambayo ilishaosha magari matatu, akaanza kusugua boneti kwa mizunguko. Mimi nimekaa pembeni nakunywa soda. Kesho yake mchana, nimeegesha Kariakoo, jua limepiga boneti, naona mikwaruzo midogo kama utando wa buibui kutoka taa hadi taa. Miba iliniachia mistari mitano. Kitambaa kile kiliniachia maelfu.

Kwa hiyo ukirudi, gari lisiguswe na mkono wowote kabla ya maji. Presha kuanzia juu kushuka, na ndani ya madigadi. Acha tope lilowe, piga maji tena. Ndipo ije shampuu ya gari, ndoo mbili: moja ya povu, moja ya kusuuzia kitambaa. Sponji ikianguka chini, hiyo ishakufa, usiirudishe kwenye gari. Na usikubali sabuni ya unga, inaondoa nta yote. Ukienda Saadani, hifadhi ile ya ufukweni, ni hivyo hivyo, ila pale suuza na chini ya gari siku hiyo hiyo, kwa sababu ya chumvi. Watu wa Kigamboni wanajua ninachosema.

Njiani, punguza mwendo mpaka tawi litelezee ubavuni badala ya kuchapa. Kunja vioo vya pembeni. Mkiwa magari mawili, mwache wa mbele aende, kokoto zake zisiwe zako. Nje ya hifadhi, mtu ashuke ashike tawi. Ndani ya hifadhi hushuki ovyo wala hukati kitu.

Mkwaruzo ukitokea, usikimbilie gereji. Mwagia maji: ukipotea ukiwa umelowa, uko kwenye klia tu, polishi itautoa. Pitisha ukucha: ukikwama, umezama, na polishi haitaumaliza. Usipolishi kila mwezi pia, kila polishi inakula klia kidogo na klia haioti tena. Ukiona bati, hapo usilale, hewa yetu hii ya bahari haisubiri. Safisha, weka praima kidogo, halafu rangi kwa brashi ndogo. Namba ya rangi iko kwenye kibati cha utambulisho wa gari, angalia palipoandikwa C/TR. Ukikuta 202 ni nyeusi ya kawaida ya Toyota, 040 ni nyeupe, na hizo wachanganya rangi wanazijua vizuri.

Halafu moja la pembeni: mbung'o wanavutwa na nyeusi na bluu, na wanafukuza gari linalotembea. Kwa rangi yako hiyo, mkuu, funga madirisha mapema, na hakikisha AC ina gesi kabla hujafika Kibiti.