Kabla ya kulipia tiketi, ijue ndege utakayopanda

Watu wengi wakitafuta tiketi huangalia bei na saa ya kuondoka, basi. Lakini kwenye ukurasa huohuo, ukibofya maelezo ya safari, utakuta pia aina ya ndege: A320, 737-800, 787-9, ATR 72. Isome kabla hujalipa. Inakueleza utakaa vipi, utashuka umechoka kiasi gani, na pengine hata kama ratiba uliyouziwa ni ya kuaminika.

Tuanze na viti. Boeing 737 na Airbus A320 zote zina viti 3 kila upande wa ujia, ila mwili wa A320 ni mpana zaidi, hivyo kiti chake kwa kawaida kina upana wa sentimita 46 hivi, na cha 737 karibu 43. Tofauti hiyo utaiona ndogo mpaka mabega ya watu watatu yabanane kwa saa tano. Embraer E190 ina viti 2 kila upande, kwa hiyo hakuna anayekaa katikati. Airbus A220 ina 2 upande mmoja na 3 upande mwingine. Mkiwa wawili, wahini upande wa viti 2. ATR 72, ile ya propela, abiria hupandia mlango wa nyuma, na mapanga yake yako karibu na mistari ya mbele. Kaa nyuma: kelele hupungua na unakuwa miongoni mwa wa kwanza kushuka.

Kwa safari ndefu za usiku, msimamo wangu ni kwamba Boeing 787 au Airbus A350 inastahili kuongezewa hela kidogo. Ndege za zamani hewa ya ndani huwa nyepesi kama ya mlima wenye urefu wa futi 8,000 hivi. Hizi mbili, kwa kuwa miili yao imejengwa kwa nyuzi za kaboni, huhimili shinikizo kubwa zaidi na kushusha kiwango hicho hadi karibu futi 6,000. Damu inapata oksijeni zaidi na kichwa hakiumi sana asubuhi. Boeing 777 ni ndege nzuri sana, lakini mashirika mengi yamepanga viti 10 kwa mstari mahali palipokuwa na 9, na huo msongamano utausikia.

Hapa ndipo habari za viwandani zinapomgusa abiria. Mwaka 2023 kampuni mama ya watengenezaji wa injini za ndege, Pratt & Whitney ilitangaza kwamba unga wa metali uliotumika kutengeneza baadhi ya diski za injini za A320neo, toleo jipya la A320, ulikuwa na kasoro. Injini zilibidi zishushwe, zifunguliwe na kukaguliwa, na karakana hazikutosha. Mamia ya ndege zilikaa chini kwa miezi. Nayo Boeing 777X iliruka kwa mara ya kwanza Januari 2020, lakini makabidhiano ya ndege ya kwanza yamesogezwa hadi 2027, hivyo mashirika yaliyoiagiza yanaendelea kuzitumia ndege zao za zamani. Shirika lenye upungufu hupunguza safari, hubadilisha ndege, au hukodi ndege pamoja na marubani na wahudumu wake. Ndiyo maana kwenye tiketi utafute maneno "inaendeshwa na": ndege unayoipanda inaweza kuwa ya kampuni nyingine kabisa. Fungua tena mtandaoni nafasi uliyohifadhi wiki moja kabla ya safari, kisha saa 24 kabla. Ndege ikibadilishwa, kiti ulicholipia kinaweza kuhamishwa bila wewe kupewa taarifa, na anayegundua mapema ndiye anayepata cha kuchagua.

Siku ya safari usitegemee ubao wa uwanjani peke yake. Ubao unaweza kuendelea kuandika "kwa wakati" huku ndege yenyewe ikiwa bado nchi nyingine. Fungua Flightradar24, tovuti na programu ya simu inayoonyesha ndege zilipo, andika nambari ya safari yako, halafu tazama nambari ya usajili ya ndege iliyopangiwa. Ibofye uone iko wapi sasa na itatua saa ngapi. Kisha ongeza muda wa kuiandaa: kushusha abiria, kusafisha, kujaza mafuta na kupandisha wengine. Kwa A320 au 737 hesabu dakika 45, ingawa mashirika ya bei nafuu hujitahidi kumaliza kwa 30 au chini yake. Kwa 777 au 787 hesabu saa moja na nusu au zaidi. Mfano: ndege inatua saa 8:10 mchana na ratiba yako inasema 8:30. Kwa hesabu ya dakika 45, hata kila kitu kikienda sawa hutaondoka kabla ya saa 8:55. Angalizo: shirika linaweza kubadilisha ndege dakika za mwisho, kwa hiyo usiondoke getini kwa kuiamini simu.

Hesabu hiyohiyo inaeleza kwa nini safari ya kwanza asubuhi huwa salama zaidi dhidi ya kuchelewa. Ndege ndogo hufanya safari kadhaa kwa siku, na dakika 20 zilizopotea alfajiri hubebwa hadi jioni. Na kama unaunganisha, nunua safari zote kwenye tiketi moja. Ukikosa ndege ya pili kwa sababu ya kwanza ilichelewa, shirika linapaswa kukutafutia nyingine. Ukinunua tiketi mbili tofauti, hasara ni yako. Mara nyingi pia utalazimika kuchukua begi, kupita uhamiaji na kulikabidhi upya. Hapo acha nafasi ya saa nne.

Ukishakaa, funga mkanda na uuache umefungwa hata taa ikizimwa. Mei 2024, safari SQ321 ya Singapore Airlines kutoka London ilikumbwa na msukosuko mkali wa hewa. Wachunguzi walieleza kwamba ndege ilishuka futi 178 ndani ya sekunde 4.6. Wasiofunga mikanda walirushwa darini, na abiria mmoja alifariki. Ukiogopa mitikisiko, chagua kiti cha karibu na mabawa. Mkia ndio unaoyumba zaidi.

Sasa pawabenki, ambayo naomba uichukulie kwa uzito. Januari 2025 moto unaoshukiwa kusababishwa na pawabenki ulianzia kwenye kabati la juu la ndege ya Air Busan ikiwa bado chini huko Korea Kusini, ikaungua vibaya. Watu wote 176 walitoka. Kikomo cha kawaida cha pawabenki ni wati-saa 100, yaani kipimo cha nishati inayobebwa na betri. Kupata idadi yako, zidisha namba ya mAh iliyoandikwa juu yake kwa 3.7 kisha gawanya kwa 1,000: ya 20,000 ni wati-saa 74, inaruhusiwa, ya 30,000 ni 111, inahitaji kibali cha shirika. Zaidi ya 160 haipandi. Isiwekwe kamwe kwenye begi la kukabidhi, na wakikuchukulia begi la mkononi getini, itoe kwanza. Ndani ya ndege iwe mahali unapoiona, si kabatini. Simu ikidondokea ndani ya kiti, usikisogeze kiti, mwite mhudumu. Betri ikikandamizwa na vyuma vya kiti inaweza kuwaka.

Ikitokea amri ya kutoka haraka, acha begi. Januari 2024 huko Haneda, Tokyo, A350 ya Japan Airlines iligongana na ndege nyingine wakati wa kutua na kuwaka moto, na watu wote 379 waliokuwa ndani yake walitoka hai. Begi linaziba ujia, na kona zake zinaweza kuchana slaidi, ule mtelezo wa kushukia wakati wa dharura. Hivyo wakati wa kupaa na kutua vaa viatu, hesabu mistari ya viti hadi mlango wa karibu mbele na nyuma, na pasipoti, simu na dawa usizoweza kuzikosa ziwe mfukoni.