Mdoli asikae kabatini

Kabla ya kuomba fedha za semina nyingine ya kumsaidia mtoto anayezaliwa hapumui, ulizia kwanza mdoli wa mafunzo yuko wapi. Kama amefungiwa kabatini kwa mganga mfawidhi, na mwenye ufunguo kavuka na feri kwenda Mwanza mjini, semina mpya haitawafikisha mbali.

Piga hesabu ndogo. Katika watoto 100, wanaohitaji kupumulishwa kwa ambu (mfuko wa kuminya unaosukuma hewa mapafuni) na barakoa ni kama 3 hadi 6. Zahanati ya kisiwani Ziwa Victoria, kama Ukara au Kome, inayozalisha akina mama 10 kwa mwezi itawapata watoto wa namna hiyo 4 hadi 7 kwa mwaka. Wagawe kwa wauguzi watatu: kila mmoja ataishika ambu mara moja au mbili tu. Mkono hausahau kwa sababu ya uzembe, unasahau kwa kukosa kazi.

Hospitali ya Haydom kule Manyara ililiona hilo mapema. Mwaka 2010 watumishi wake walipata mafunzo ya siku moja ya Helping Babies Breathe, yaani kumsaidia mtoto mchanga apumue. Kwa mdoli wakafanya vizuri, ila leba mambo yakabaki yaleyale. Nafuu ilikuja yalipoanza mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale kazini. Mtindo huohuo ndio ulioingia baadaye katika mpango wa Safer Births, uliogusa hospitali na vituo 30 katika mikoa mitano, Mwanza ikiwemo.

Kwa hiyo mweke mdoli leba, mezani, karibu na ambu halisi. Dakika 5 hadi 10 wakati wa kukabidhiana zamu zinatosha. Mmoja anahudumia, mwingine anaminya vibofu vya mdoli vinavyomfanya apumue na kitovu kipige, akiwa na saa yenye mshale wa sekunde. Mdoli wa kujazwa maji mjaze kweli, kama lita 2 za maji ya uvuguvugu. Wengi hujaza hewa kwa uvivu wa kubeba ndoo, matokeo yake kichwa hakilegei na uzito haupo, na mtu anajifunza kumshika puto.

Pima sekunde tangu mdoli "azaliwe" hadi pumzi ya kwanza ya ambu. Lengo ni ndani ya dakika moja, ile tunayoiita dakika ya dhahabu. Wanaojipima kwa mara ya kwanza hushtuka. Muda mwingi hupotelea kwenye kunyonya ute. Nyonya pale tu ute unapoziba njia, au maji ya uzazi yalikuwa na choo cha mtoto na mtoto mwenyewe hapumui. Anza mdomoni, malizia puani. Ile pampu ya mpira yenye umbo la pengwini iminye kabla ya kuingiza, iachie ikiwa ndani. Kunyonya kwa muda mrefu na kwa kina hupunguza mapigo ya moyo, yaani unamwongezea tatizo uliyetaka kumwokoa. Kumning'iniza miguu juu au kumchapa makofi hakumo kabisa.

Kinachopaswa kufanyika ni kumkausha vizuri, kuiondoa kanga iliyolowa na kumsugua mgongo. Julai usiku, upepo wa ziwa unapopenya dirishani, nyuzi hushuka chini ya 20, ilhali chumba cha kujifungulia kinatakiwa kiwe na angalau 25. Funga dirisha, zima feni, na vitenge vikavu viwe viwili. Akilia, subiri dakika 1 hadi 3 ndipo ukate kitovu. Asipopumua baada ya kusuguliwa, kata hapohapo umpeleke kwenye ambu.

Sasa barakoa, na hapa ndipo muda mwingi wa mazoezi utumike. Namba 1 ni ya mtoto aliyetimiza miezi, namba 0 ya njiti. Ifunike kidevu, mdomo na pua, isiguse macho. Anzia kidevuni, ilaze kuelekea puani. Kidole gumba na cha shahada viizunguke kwa juu, vidole vingine vishike mfupa wa taya, si nyama laini chini ya kidevu. Kosa la kila siku ni kuigandamiza barakoa chini: shingo inajikunja, njia ya hewa inajifunga. Inua taya liifuate barakoa. Shingo inyooke kidogo tu, maana ikirudishwa nyuma mno nayo inaziba.

Puliza mara 40 hadi 60 kwa dakika. Hesabu kwa sauti: "puliza, mbili, tatu, puliza, mbili, tatu." Mtu mwenye hofu hukimbia, na hewa hukosa muda wa kutoka. Kipimo ni kifua kupanda taratibu. Tumbo likijaa peke yake hujafanya kitu. Kisipopanda, weka barakoa upya, rekebisha kichwa, angalia ute mdomoni, fungua mdomo kidogo, mwisho ndipo uminye kwa nguvu zaidi. Wengi wanaanza na hilo la mwisho, na mapafu yanaweza kupasuka. Oksijeni isipokuwepo usisubiri: kwa mtoto aliyetimiza miezi, hewa ya kawaida ndiyo ya kuanzia.

Jambo moja ambalo semina za mjini hulipita: kisiwani muuguzi mara nyingi yuko peke yake. Mazoezi ya wawili wawili pekee yanamdanganya. Afanye pia akiwa mmoja, akiita msaada huku mikono inaendelea. Mhudumu wa zahanati, hata mlinzi, afundishwe kukaa na mama, kutazama damu na kupaza sauti ikizidi.

Ambu nayo ina mitego yake. Kila zamu ziba barakoa kwa kiganja, minya: lazima usikie inakataa, kisha valvu ya kupunguza presha ifunguke kwa mlio. Iachie, ijae upesi. Isipokataa, mara nyingi ni kile kimpira chenye umbo la mdomo wa bata, kimerudishwa vibaya baada ya kuoshwa. Ifungue yote, osha kwa sabuni, chemsha dakika 20 tangu maji yaanze kutokota, na ikauke kabisa kabla ya kuiunganisha, kwa kuwa unyevu hugandisha hicho kimpira. Aliyeiosha ndiye aijaribu na kusaini daftari, siyo zamu inayofuata.