Kwa anayeanza kutengeneza filamu fupi za kutisha

Kila anayekuja kujifunza nasi, filamu ya kwanza ninayomwekea ni Lights Out ya David F. Sandberg, ya mwaka 2013. Haifiki dakika 3. Mwanamke yuko nyumbani usiku, anazima taa, anaona umbo la mtu limesimama gizani. Anawasha, hakuna kitu. Anazima, lipo. Mwigizaji ni Lotta Losten, mke wa Sandberg, na walipigia picha nyumbani kwao Sweden. Mwaka 2016 kisa hicho kikawa filamu ndefu Marekani, iliyogharimu takriban dola milioni 5 na kuingiza zaidi ya milioni 140.

Wengi hubaki na hizo hesabu za fedha. Nataka wewe ubaki na swichi. Ndani ya sekunde chache mtazamaji ameshajua sharti: giza likiingia yupo, mwanga ukirudi hayupo. Kuanzia hapo anajitisha mwenyewe kila kidole kinapoikaribia swichi. Filamu fupi haina nafasi ya kueleza asili ya jini, laana ya ukoo na ugomvi wa mashamba. Kwa hiyo ukiniletea skripti, nitakuuliza kwanza: sharti la kiumbe wako ni lipi? Ukihitaji aya nzima kunijibu, kapunguze.

Masharti ya namna hii tumekua nayo. Popobawa, kiumbe wa mabawa ya popo aliyesemwa kuwavamia watu usiku, aliyeitikisa Zanzibar mwaka 1995, alisimuliwa kuwa na lake: aliyevamiwa awaambie wengine, la sivyo atarudiwa. Watu walilala nje kwa makundi, wakikesha pamoja. Sharti hilo linamlazimisha mtu kusema hadharani jambo analotaka kulificha, na hapo ndipo penye hofu, kuliko kwenye mabawa. Ila ukiligusa, liguse kwa heshima. Waliopitia usiku ule wapo.

Baada ya sharti, tafuta anachokipenda mhusika. Tazama Cargo ya Ben Howling na Yolanda Ramke, ya Australia, dakika 7 tu. Baba ameumwa na zombi na anajua atageuka, naye ana mtoto mchanga mgongoni. Anatundika mfuko wa nyama kwenye ncha ya fimbo mbele yake, ili akishageuka aendelee kuufuata na kumfikisha mtoto kwa watu. Mazungumzo ni kama hakuna, na bado nimeona watu wazima wakifuta machozi.

Sasa sauti, ambayo wanaoanza huiacha mwisho. Picha yenye kasoro mtazamaji huivumilia. Sauti mbovu humtoa kwenye hofu papo hapo. Maiki ya simu inayopiga picha iko mbali mno na mdomo wa mwigizaji, kwa hiyo weka simu ya pili ndani ya nguo yake, irekodi peke yake, na upige makofi mara moja mwanzoni ili uoanishe sauti na picha wakati wa kuhariri. Zima feni na friji. Mafundi sauti huweka ufunguo wa gari ndani ya friji wakati wa kazi, wasiondoke bila kuiwasha tena. Kabla ya kufungasha vifaa, wote wanyamaze na urekodi chumba kitupu kwa dakika nzima. Chumba kina mvumo wake, nao ndio utakaoziba mapengo kati ya kipande na kipande. Unapotaka mtazamaji ashike kiti, punguza mvumo huo taratibu mpaka uishe. Masikio yatajua kuna jambo kabla ya macho. Kwa maoni yangu hili linashinda kishindo chochote cha muziki.

Giza nalo linahitaji taa. Ukizima zote, simu itajitahidi kuona na kukujazia chenga. Washa taa moja nyuma au pembeni ya mwigizaji, funga mwangaza wa kamera usibadilike wenyewe, kisha acha sehemu iliyobaki iwe nyeusi kabisa.

Ukimaliza, usitumie wimbo usio na ruhusa yake. Tamasha linaweza kuikataa filamu kwa hilo tu. Weka tafsiri ya Kiingereza chini ya picha, aisome mtu mwingine aikague, kisha tuma. Zanzibar kuna ZIFF, tamasha la kimataifa la filamu, na matamasha ya Sitges huko Hispania na Fantasia huko Montreal, Kanada, hupokea filamu fupi za aina hii. Soma masharti ya kila tamasha kuhusu urefu na tarehe kabla ya kulipa ada.